Matangazo ya minada yataje siku ya kukagua mali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie matangazo ya minada yanayochapishwa magazetini, likiwamo hili lako. Mengi hutaja jina la dalali, tarehe ya mnada, masharti ya malipo na orodha fupi ya mali, aghalabu ikimalizikia na maneno "na vitu vingine vingi". Kinachokosekana mara nyingi ni siku na saa za kukagua mali hiyo, mahali ilipohifadhiwa na hali yake. Kwa mtu anayenunua ili akauze tena, hapo ndipo biashara yenyewe ilipo. Faida ya mali ya mnada hupatikana au hupotea siku ya ukaguzi, mnunuzi akiwa amepiga magoti nyuma ya friji na tochi mkononi. Siku ya nyundo, yaani ya mnada wenyewe, ni ya kukamilisha tu.

Nayasema haya kwa sababu vijana wengi hapa Dar es Salaam wanaingia kwenye biashara hii na mtaji wa laki tano au milioni moja, mara nyingi ya mkopo, wakiamini kwamba mnadani kila kitu ni bei ya kutupa. Bei ya kutupa ipo kweli. Lakini chini ya karibu kila tangazo kuna sharti kwamba mali inauzwa kama ilivyo na mahali ilipo. Maana yake ni kwamba ukishalipa, ubovu ni wako, usafiri ni wako, na huna pa kurudisha.

Minada nayo haifanani. Mali iliyokamatwa kwa amri ya mahakama au kwa deni la benki huuzwa na dalali mwenye leseni, na vitu vinavyohamishika hulipiwa palepale. Ile asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14 unayoiona kwenye matangazo kwa kawaida ni ya nyumba na viwanja, kwa hiyo usiende kununua samani ukitegemea kupewa muda. Kabla ya kwenda, piga simu asubuhi ile ile uulize kama mnada bado upo. Mdaiwa akilipa au akipata zuio la mahakama, mnada huahirishwa hata saa za mwisho, na nauli ya kirikuu (gari dogo la mizigo) uliyoikodi hairudi.

Mnada wa forodha una mambo yake. Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema mzigo uliowekwa kwenye ghala la forodha usipotolewa ndani ya siku 30, Kamishna wa forodha hutoa tangazo gazetini, na usipotolewa ndani ya siku 30 nyingine tangu tangazo hilo huhesabiwa kuwa umetelekezwa na unaweza kunadiwa. Fedha ya mauzo hulipa kwanza kodi, kisha gharama za mnada, ghala na bandari. Ndiyo sababu bei za huko haziporomoki kama watu wanavyodhani: kodi inayodaiwa ndiyo inayoshikilia sakafu. Anayependa mnada huo aulize mambo matatu kabla ya kutaja dau. Je, bei ya ushindi imeshajumuisha kodi zote? Tozo ya kuhifadhi mzigo inaanza kuhesabiwa kwa mnunuzi kuanzia siku gani? Na je, bidhaa hiyo inahitaji kibali cha Shirika la Viwango (TBS) au Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kabla haijaingia sokoni? Katoni za vipodozi au vyakula zilizokaa ghalani miezi sita zinaweza kuwa karibu na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kibali kikikataliwa umenunua takataka na gharama ya kuziteketeza.

Chanzo cha tatu, ambacho kwa mtaji mdogo nakiona bora kuliko vyote, ni mauzo ya nyumbani ya watu wanaohama. Masaki, Oysterbay, Msasani na Mikocheni, wageni wanaofanya kazi kwenye balozi na mashirika huondoka kwa wingi kati ya Juni na Agosti, shule za kimataifa zinapofunga mwaka. Matangazo yao hubandikwa kwenye mbao za supamaketi na kuzungushwa kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Mei. Vitu vizuri huondoka siku ya kwanza kwa bei ya kawaida. Siku mbili za mwisho kabla ya kukabidhi nyumba bei huanguka, na hapo mwenye gari mlangoni na fedha taslimu, anayesema "nachukua vyote vilivyobaki kwa kiasi hiki", ndiye anayesikilizwa, kwa sababu mwenye nyumba anataka vyumba vitupu, hana tena hamu ya kubishania jagi. Mpangie bei ya jumla lakini kichwani uwe umeshapiga hesabu ya kila kitu peke yake.

Hapo pia pana mtego. Baadhi ya wageni hao waliingiza vyombo na magari kwa msamaha wa kodi. Kitu kama hicho kikihamia kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Kwa kikaango hakuna atakayekuuliza. Kwa gari au jenereta kubwa utaulizwa. Taka karatasi za forodha kabla hujatoa fedha, na muafikiane kwa maandishi nani analipa.

Sasa ukaguzi wenyewe. Friji ndiyo inayowaumiza wengi, na ndiyo yenye faida nzuri kwa anayeijua, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Fika mapema na uguse kompresa, mtambo wa kusukuma gesi ulio nyuma chini, kabla friji haijachomekwa. Ikiwa tayari ni ya moto, imewashwa kabla hujafika, na mara nyingi sababu ni kwamba inasumbua kuwaka ikiwa baridi au inachukua saa nyingi kupoza. Omba izimwe, subiri dakika kumi, iwashwe tena. Kompresa nzima huanza kwa mngurumo mmoja na kuendelea. Ukisikia "ta", kimya, kisha baada ya dakika mbili tatu "ta" nyingine, basi rilei, kifaa kinachoiwasha kompresa, imekufa au kompresa yenyewe imekwama. Rilei ni kifaa cha bei ndogo, kompresa inaweza kula bei nzima ya friji, na kwa sikio pekee huwezi kujua ni kipi. Ukiwa na mita, chomoa friji kwenye umeme, kisha chomoa rilei upime vipini vitatu vya kompresa viwili viwili: kipimo kikubwa kinapaswa kuwa sawa na jumla ya vile viwili vidogo. Kisha weka ncha moja kwenye kipini na nyingine kwenye bati la kompresa palipokwanguliwa rangi. Mita ikionyesha njia yoyote ya umeme pale, iache friji hiyo. Itampiga mtu shoti.

Iwashe nusu saa nzima. Nyavu au ubavu wa nyuma unapaswa kuwa vuguvugu, na ndani ya friza ukungu wa barafu utande sawasawa. Barafu ikishika kona moja tu, pale gesi inapoingilia, na kwingine pakavu, gesi imepungua, na gesi haipungui bila tundu. Tafuta doa jeusi la mafuta kwenye viungo vya mirija. Angalia pia ule mrija mfupi wa kujazia gesi kwenye kompresa: uliotoka kiwandani umebanwa na kuzibwa nadhifu, wenye kofia ya valvu au uliochomelewa ovyo unakwambia fundi ameshapita hapo.

Soma kibati cha taarifa. Friji nyingi za miaka ya karibuni zinatumia gesi ya R600a, inayowaka moto, na kiasi chake ni kidogo sana, mara nyingi kati ya gramu 40 na 70. Fundi anayejaza kwa kukisia huzidisha, na friji haipozi ingawa ina gesi tele. Mwingine hujaza gesi ya aina nyingine, R134a, aliyonayo kwenye kompresa iliyotengenezwa kwa R600a, ikafanya kazi wiki chache kisha ikafa. Mwingine anawasha moto wa kuchomelea gesi ikiwa bado imo kwenye mirija. Kwa hiyo kama kibati kinasema R600a na friji inahitaji kujazwa, gharama yako si ile unayoijua ya mtaani. Ni ya fundi mwenye mizani ya gramu na pampu ya kunyonya hewa, na wa namna hiyo si wengi.

Mpira wa mlango unapimwa kwa noti. Ibane mlangoni, funga, ivute taratibu. Ikiteleza bila kushikwa, mpira umekufa pale. Zunguka pande zote nne, hasa kona za upande wa bawaba. Friji ikisafirishwa imelazwa, mafuta ya kompresa hukimbilia kwenye mirija, basi isimamishe mpaka kesho yake kabla ya kuichomeka. Wapo walionunua friji nzima wakaiua wenyewe jioni ile ile kwa haraka ya kumwonyesha mteja.

Umeme ni jambo linalosahauliwa zaidi kwenye nyumba za wanaohama. Kibati kikisema 220–240V na 50Hz, ni sawa na umeme wetu. Kikisema 120V na 60Hz, kitu kimetoka Marekani. 100V, kimetoka Japani. Muuzaji atakwambia kwa nia njema kabisa kwamba kinafanya kazi vizuri na transfoma anakupa bure. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi (Hz), yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 peke yake, kama ya mashine nyingi za kufulia za zamani, ikipewa 50 huzunguka pungufu kwa karibu sehemu moja ya sita na hupata moto zaidi. Maikrowevu vivyo hivyo, transfoma yake ya ndani huchemka. Vitu vya kupasha joto kama birika na pasi havijali hezi, lakini birika la wati 1,500 linataka transfoma inayozidi wati 1,500, na transfoma hiyo ni ghali kuliko birika. Chaja za kompyuta na simu zilizoandikwa 100–240V hazina tatizo, chukua.

Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele ishike ngoma yake kwa ndani, iinue juu na chini. Ikicheza na kugonga, beringi zimekwisha. Zungusha kwa mkono usikilize mkwaruzo. Inama nyuma utafute mchirizi wa kutu katikati, chini ya gurudumu la mkanda: ni maji yaliyopita sili na kuingia kwenye beringi. Kuna modeli ambazo pipa lake limeunganishwa kiwandani halifunguki, na beringi zikifa unanunua pipa zima. Hizo hata kwa bei ya chuma chakavu fikiria mara mbili.

Televisheni iwashwe dakika ishirini hadi thelathini, siyo tatu, maana mistari na giza la taa za nyuma huja ikishapata moto. Weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Ikitoa sauti bila picha, mulika kioo kwa tochi ya simu kwa karibu. Ukiona picha hafifu, taa za nyuma ndizo mbovu na zinatengenezeka. Kioo chenye ufa hakitengenezeki kwa faida, achana nacho hata ukipewa kwa bei ya remoti. Televisheni iliyotoka Japani haitashika matangazo yetu kwa antena yake, kwa sababu mfumo wao wa dijitali ni tofauti na wetu. Itatumika kwa king'amuzi, na hilo mteja aambiwe kabla.

Kompyuta za ofisi huuzwa kwa mafungu, ishirini au thelathini pamoja, na watu hupandishana dau kwa kuhesabu maboksi. Fungua mbili tatu. Benki na mashirika mengi huondoa diski zote kabla ya kuuza ili kulinda taarifa zao, na wana haki; lakini diski mpya 20 ni gharama inayobadilisha hesabu yote. Washa uone kama zinadai nenosiri la BIOS, programu ya msingi inayoiwasha kompyuta. Kisha soma namba ya prosesa. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na Windows 11 rasmi inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa prosesa za Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Kwenye prosesa hizo i5-7500 ni kizazi cha 7, i5-8500 ni cha 8. Mashine hizo mbili zinafanana kwa macho na zimekaa kwenye fungu moja, lakini mteja wa ofisi atalipia ya pili na kuikataa ya kwanza. Zile za kizazi cha 7 kwenda chini usizikatae. Zinafaa kwa steshenari na madukani, kwa bei yake.

Simu na tableti: piga *#06#, tuma namba ya IMEI (utambulisho wa simu) kwenda 15090 usome jibu la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, linalokutajia aina ya simu. Likitaja simu tofauti na uliyoshika, weka chini. Hakikisha akaunti ya mwenyewe imeondolewa mbele yako. Tableti ya shirika inayoulizia akaunti ya ofisi kila inapowashwa ni kipande cha kioo tu.

Samani ziinue kabla ya kuzisifia. Meza ya mninga, mkongo au mvule ina uzito, na ukigeuza chini utaona nyuzi za mbao zinaendelea kutoka juu hadi ukingoni. Ubao wa unga uliovikwa karatasi ya rangi ya mbao hujitangaza ukingoni, kwenye matundu ya skrubu na popote palipopata maji, panapovimba. Vuta droo yote nje uangalie pembe zake: zilizoungwa kwa meno zinaishi, zilizopigwa stepla zimeshaanza kuachia. Vumbi laini la unga chini ya mguu wa kabati ni kazi ya wadudu walio hai, na watahamia kwenye mali yako nyingine.

Kuhusu kunguni nitasema kwa ukali. Magodoro usinunue kabisa. Sofa na vitanda vya kitambaa vichunguzwe kwa tochi kwenye mishono, chini ya ule utando mweusi wa chini na kwenye matundu ya skrubu. Vidoa vidogo vyeusi kama vya wino wa kalamu na maganda makavu ya rangi ya asali vinatosha. Usisubiri kumwona mdudu mwenyewe. Kuanika juani hakusaidii sana, maana joto haliingii hadi katikati ya sponji na wadudu hukimbilia upande wa kivuli. Sofa moja ya laki moja inaweza kuharibu stoo nzima, na mteja aliyepelekewa kunguni nyumbani hatarudi wala hatanyamaza.

Magari nayapita haraka kwa sababu ni biashara ya mtaji mkubwa: kadi halisi, namba ya chesisi ilingane na kadi, deni la faini za barabarani liangaliwe kwenye mtandao wa polisi, na ijulikane nani anagharamia kuhamisha umiliki. Belo la mitumba nalo ni somo jingine kabisa, kwa kuwa halifunguliwi kabla ya kulipwa na mnunuzi hutegemea daraja lililoandikwa na uaminifu wa muuzaji. Vitu vya mnada vinaonekana na kushikika. Hakuna sababu ya kuvinunua kama mbuzi kwenye gunia.

Baada ya kukagua, andika dau lako la mwisho kwenye karatasi kabla ya kuingia uwanjani. Chukua mfano wa friji ambayo mtaani, kwa bei ya chini kabisa unayoweza kuipokea, itauzwa 420,000. Toa kirikuu na vibarua 40,000, fundi na gesi 70,000, mpira wa mlango 35,000, cha juu cha winga (dalali wa mtaani) atakayekuletea mteja 20,000, sehemu yake ya kodi ya fremu 25,000, na 30,000 za akiba ikirudi ndani ya muda wa garantii. Hizo ni 220,000. Zimebaki laki mbili. Ukitaka faida ya 60,000, dau lako halivuki 140,000. Na kama bei ya mnada haijajumuisha VAT ya asilimia 18, dau linashuka hadi kama 118,000. Mnunuzi mgeni huona friji ya 420,000 inanadiwa kwa laki mbili na nusu akadhani amepata mali ya bure. Kwa hesabu hiyo, bila VAT, ameshapoteza 50,000 hata bila kutafuta faida yoyote.

Ndani ya mnada simama pembeni, mahali unapoona nyuso za wanaotaja dau. Mafungu ya mwanzo hupanda kwa sababu kila mtu ana fedha na hamu. Ya mwisho hushuka, wengi wakiwa wamemaliza au wameondoka. Ukimwona mtu anapandisha kila kitu lakini hanunui chochote, shuku. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, hairuhusu muuzaji kujitajia dau, yeye mwenyewe au kwa kumtumia mtu, isipokuwa imetangazwa kwamba amejiwekea haki hiyo; akifanya kinyume, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo kuwa ya udanganyifu. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kuondoa dau lako kabla nyundo haijagongwa. Ikigongwa umebanwa.

Kuna na ubaya wa upande wetu wanunuzi, na hauwezi kufumbiwa macho. Wafanyabiashara wanaojuana hukubaliana wasipandishiane, mmoja akanunua kwa bei ya chini, kisha wananadiana wenyewe nje ya geti na kugawana tofauti. Anayeibiwa hapo ni mdaiwa ambaye mali yake ingeweza kumpunguzia deni kubwa zaidi. Mnada uliotangazwa vizuri, wenye wageni wengi waliokagua mali, hauchezewi kirahisi namna hiyo.

Ukishanunua, dai risiti yenye namba ya fungu na maelezo ya kitu, siyo "vifaa mbalimbali". Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai, na risiti ndiyo inayokutenganisha na mwizi polisi wakiulizia kompyuta fulani imefikaje dukani kwako. Itunze hata baada ya kuuza. Kwa mteja wako toa karatasi inayosema kilichorekebishwa, kilichobaki na kasoro, na garantii ya muda gani. Wiki mbili zinatosha kwa friji. Kila kitu kiandikwe daftarini na tarehe kilipoingia. Kilicholala zaidi ya miezi mitatu kishushwe bei hata kama ni kwa hasara, kwa kuwa nafasi kinayokalia inalipiwa kodi ya fremu kila mwezi na fedha iliyofungwa humo ingekuwa imeshazunguka.

Narudi kwako Mhariri. Kenya, Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinataka mali inayohamishika isinadiwe kabla ya siku 7 tangu tangazo la kwanza gazetini, ili watu wapate muda. Hapa kwetu, hata pale muda unapokuwepo, mnunuzi akipiga simu huambiwa mali utaiona siku hiyo hiyo ya mnada, na akifika anaikuta imerundikwa uani pasipo hata soketi ya umeme. Nani atapima friji ishirini kwa nusu saa kila moja, mahali pasipo umeme, saa moja kabla ya nyundo?

Ninachoomba ni kwamba idara yako ya matangazo, inapopokea tangazo la mnada, imtake dalali ajaze mambo haya: namba za mafungu na idadi ya vitu katika kila fungu, mtaa na jengo mali ilipo, angalau siku mbili za kukagua, zenye saa maalumu na umeme wa kujaribia, kama bei inajumuisha VAT na kodi nyingine, na siku ya mwisho ya kuondoa mali pamoja na tozo ya kila siku inayozidi. Mistari mitano inatosha. Ikiwa nafasi haitoshi yote, basi siku na mahali pa ukaguzi visikosekane, na tangazo lisilo navyo lirudishwe kwa dalali akalikamilishe kabla halijachapishwa.

Mfanyabiashara wa samani na vyombo vilivyotumika,
Ilala, Dar es Salaam